Kabla Hujanunua Altezza Ili Uje Kuifunga Turbo

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Sinza alinitumia picha sita za Toyota Altezza nyeusi. Imeshushwa, ina rimu za inchi 17, bei milioni 11. Chini akaandika: "Kaka, hii nikiifunga turbo itakuwaje?" Turbo ni kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi ili itoe nguvu zaidi. Nilimpigia tukaongea karibu saa nzima. Nimeona niandike pia, kwa sababu swali hilo naulizwa mara kwa mara na vijana wenye fedha waliyoihangaikia kweli, na mimi nililiuliza wakati sina wa kunijibu.

Miaka sita iliyopita nilinunua Altezza kwa milioni 9 na nusu, kupitia dalali wa Kinondoni. Namba C, otomatiki, safi kwa macho. Kila niliyemuuliza aliniambia Altezza ni gari la spoti, na hakuna aliyeniambia kwamba Altezza zinatofautiana. RS200 ina injini ya 3S-GE ya silinda nne, ambayo kwenye gia za mkono inatoa nguvu za farasi 210. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita yenye farasi 160, injini ile ile iliyomo kwenye Toyota Mark II za GX 110 tunazopishana nazo kila siku Barabara ya Bagamoyo. Yangu ilikuwa hii ya pili, na nilikuja kulijua hilo nikiwa nimeshalipa. Kadi ya gari nilikuwa nayo mkononi tangu mwanzo, na namba ya chesisi ingenieleza kila kitu: ikianza na SXE10 ni RS200, ikianza na GXE10 ni AS200.

Nikajiambia si kitu, nguvu nitaziongeza taratibu. Nikaanza na egzosi pana na filta ya wazi, jumla milioni 1 na laki 2. Gari lilipata sauti. Kasi halikupata, na kwenye foleni lilizidi kuwa zito, kwa sababu filta ile ilikuwa inavuta hewa iliyokwisha kuchemka ndani ya boneti. Hewa ya moto ni nyepesi, inaingia na oksijeni kidogo, na injini haiwezi kutoa nguvu kwa hewa isiyokuwepo. Joto la Dar la Januari na Februari unalijua.

Februari hiyo hiyo nilikwama Ubungo saa kumi jioni. Nilianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua, nikafikiri inatoka kwenye basi la mbele. Nilipotazama dashibodi mshale wa joto ulikuwa umeshavuka nusu, na unapanda huku nauona. Nilizima kiyoyozi, nikafungulia hita mpaka mwisho, nikavuka pembeni jasho likinitoka, lakini nilikuwa nimechelewa. Gasketi ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, iliungua na hedi yenyewe ikapinda. Gereji, fundi alilaza rula ya chuma juu ya hedi akaniita niiname nitazame: mwanga ulikuwa unapita chini ya rula. Kisha akageuza rejeta, yakatoka maji ya rangi ya chai yenye matope ya kutu. Aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa anajaza maji ya bomba miaka yote. Nami nilikuwa na milioni ya egzosi lakini sikuwa nimetenga hata laki mbili za rejeta. Nililitengeneza, nikaliuza milioni 6 na nusu.

Sasa hiyo turbo. Tuseme gari la huyu mdogo wangu ni RS200 halisi. Injini yake ni nzuri sana, lakini nguvu zake zinatokana na kuzunguka haraka na kukandamiza hewa kwa uwiano wa 11.5 kwa 1. Injini ya turbo hutengenezwa na uwiano mdogo zaidi. 1JZ-GTE ya Toyota iko kati ya 8.5 na 9. Sababu ni kwamba turbo inasukuma hewa ambayo tayari imeshindiliwa. Ukiishindilia tena kwa uwiano wa 11.5, joto linapanda mpaka mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Hapo ndipo pistoni zinapasuka. Kwa hiyo anayekuambia "tunafunga turbo tu" hajakutajia pistoni nyingine, pampu na nozeli kubwa za mafuta, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kupangwa upya na mtu anayeijua kazi hiyo, rejeta ya kupoza hewa ya turbo, na klachi ya kubeba mzigo mpya. Piga hesabu ya hivyo vyote na ufundi wake. Ukiijumlisha na bei ya gari, utakuta umefika kwenye bei ya gari lililotoka kiwandani na turbo yake.

Msimamo wangu ni huo: kama unachotaka ni nguvu, nunua gari ambalo wahandisi wake walishaliandaa kuzibeba. Subaru Impreza WRX, Subaru Legacy GT, Mark II yenye 1JZ-GTE. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280, na waliyashika mpaka mwaka 2004. Ndiyo maana injini kama 1JZ-GTE iliandikwa 280 huku chuma chake kikiwa na uwezo wa kubeba zaidi. Hapo unaongeza juu ya msingi uliopo. Ila kwa Mark II usidanganyike na kadi peke yake, maana zenye chesisi ya JZX110 ziko za turbo na zisizo nayo. Fungua boneti utazame kwa macho yako.

Na hata ukilipata lenye injini unayoitaka, kazi bado. Mwaka juzi nilikwenda Tegeta kuangalia iR-V moja, yaani Mark II JZX110 yenye turbo, fedha ninayo. Mwenyewe alikuwa mtu mstaarabu, akanionyesha risiti za kila alichofunga. Tulilijaribu kidogo, linavuta mpaka mgongo unabana kwenye siti, na moyoni nilikuwa nimeshanunua. Fundi wangu, mzee aliyezeekea kwenye injini za Toyota, akasema, "Mwanangu, tulia kwanza. Ngoja tulipime."

Alitoa plagi zote sita akazipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wake. Tano zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka. Ya silinda ya tano ilikuwa nyeusi, ina unyevu wa oili. Akafunga geji ya kupimia kompresheni, yaani presha ya hewa inayoshindiliwa ndani ya kila silinda, mimi nikapiga starta nimekanyaga mafuta mpaka chini, yeye akasoma kwa sauti huku mwanawe akiandika: 165, 162, 165, 160, 118, 163. Hakusema neno. Alichukua kijiko, akamimina oili kidogo ndani ya silinda ya tano, akapima tena. Ikapanda mpaka 150. Akanieleza kwamba kama tatizo lingekuwa valvu, oili isingesaidia kitu. Ikipanda namna ile, oili imeziba pengo la muda kwenye ringi za pistoni au ukuta wa silinda. Mtu alikuwa amepandisha presha ya turbo bila kuongeza mafuta, na silinda moja ilikuwa imeanza kulipia. Tulimshukuru mwenye gari tukaondoka. Nilinyamaza njia nzima mpaka Mwenge, maana gari lile nilikuwa nimelipenda.

Kipimo hicho kwangu si cha kujadili. Muuzaji akikataa kufungua plagi, achana na gari. Nami siku hizi nikiona gari limeshachezewa na mtu mwingine, bei yangu inashuka. Afadhali lililobaki kama lilivyotoka Japani, hata kama halivutii kwenye picha, kwa sababu najua nitaanzia wapi.

iR-V niliyonayo leo niliipata miezi minane baadaye kwa milioni 17, na mwaka wa kwanza injini yake sikuiongeza chochote. Fedha iliingia kwenye rejeta mpya, mipira yote ya maji, feni, shokapu, tairi, na hasa breki. Watu wanasahau breki. Gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa lina nishati karibu mara mbili ya linalokwenda 100, na nishati hiyo yote inabidi iishie kwenye diski na pedi. Spea za kuongeza nguvu utazipata Kariakoo na Ilala, lakini nenda na fundi anayejua kutofautisha plagi halisi na ya kugushi. Nilipoanza kuongeza, nilianza na rejeta kubwa ya kupozea hewa ya turbo, kisha presha kidogo tu. Japani injini hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu yenye okteni (kipimo cha petroli kustahimili kushindiliwa bila kulipuka mapema) karibu 100, na tunayojaza sisi haifiki huko. Anayekupangia kontroli boksi apange kwa mafuta ya hapa na joto la hapa.

Jiulize pia utalitumia wapi. Ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wa tochi wapo. Matuta yetu hayana huruma na gari lililoshushwa. Masika ikifika, kumbuka mafuriko ya Jangwani: filta iliyoshushwa chini nyuma ya bampa inaweza kunyonya maji, na maji hayashindiliki kama hewa, yakiingia silinda yanapinda konrodi, chuma kinachoshika pistoni, mara moja. Filta yangu niliirudisha juu, mahali pake pa kiwandani.

Mengine kwa ufupi. Hakikisha namba ya injini kwenye kadi inalingana na iliyochongwa kwenye injini. Kama injini ilibadilishwa na kadi haikurekebishwa Mamlaka ya Mapato (TRA), mzigo huo utakuwa wako. Ukikata bima kubwa, waambie wenye bima ulichobadilisha kabla hakijatokea kitu. Ukitaka kuagiza mwenyewe Japani, ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujapenda gari lolote, kwa sababu juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18 kuna ushuru wa ukubwa wa injini na nyongeza ya gari kongwe, na magari haya yote sasa ni makongwe. Bei ya gari isimalize fedha yako. Kama una milioni 20, tafuta la milioni 13 au 14.

Mdogo wangu, najua unasoma. Jumamosi saa moja asubuhi nitakupitia hapo Sinza, fundi atatukuta huko huko na geji yake. Niletee picha ya kadi leo, nione chesisi inaanza na herufi gani. Na mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika. Injini iliyochoka husema ukweli ikiwa baridi: moshi wa kwanza, mlio wa kwanza, sekunde chache tu. Nikifika, kabla ya salamu kwisha, nitaweka kiganja juu ya boneti. Nikikuta ina joto, tutarudi siku nyingine.