Ndago imenishinda bustanini, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi kaka, mi ni msomaji wako wa siku nyingi niko huku Uyole, Mbeya. Nina kabustani nyuma ya nyumba, nimepanda chainizi, spinachi na karoti kidogo za kula na kuuzia majirani. Kuna jani limeniingilia toka mwaka juzi, linafanana na nyasi ila linang'aa, nikilima leo siku ya nne ya tano limeshachomoza tena, limenyooka kama sindano. Nimeng'oa mpaka mikono imetoa malengelenge, nikapiga dawa ya magugu likakauka nikafurahi, mvua mbili tu likarudi jingi kuliko mwanzo. Jirani mmoja kasema ni sangari, mwingine kasema ndago na kanishauri nihame tu hiyo sehemu. Ni nini hiki na kinaondokaje?

JIBU: Dada pole sana, na usihame. Kwanza tumalize ubishi wa majirani. Chuma shina moja lisokote kati ya vidole. Likiwa la mviringo lenye vifundo, na chini ukichimba unakuta kamba nyeupe ndefu zenye ncha kali, hilo ni sangari. Likiwa na pembe tatu, yaani unaziona kabisa zinakuparaza kidole, na majani yake yametoka pande tatu, hiyo ni ndago. Kwa ulivyoeleza kuchomoza kama sindano na kung'aa, mi naweka pesa yangu kwenye ndago.

Sasa chukua jembe chimba kamche kamoja taratibu, usivute maana ukivuta unabaki na jani mkononi. Shuka kama urefu wa kiganja, utakuta punje ngumu nyeusi nyeusi ukubwa wa karanga. Zikiwa zimeungana kwa uzi kama shanga, punje, uzi, punje nyingine, na ukitafuna ni chungu, ujue ni ile yenye ua la rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Hiyo wataalamu wa magugu mwaka 1977 waliitaja namba moja kwa ubaya duniani, kwa hiyo usijione mzembe. Zikiwa punje moja moja mwishoni mwa uzi, laini kiasi, ukitafuna tamu kama karanga mbichi, na ua lake ni la manjano, hiyo ni ndago ya pili, inayovumilia baridi zaidi. Wahispania hiyo wanailima kabisa wanakamua kinywaji, sisi tunalia nayo.

Ukishaiona hiyo shanga utaelewa kwa nini ulikuwa unapalilia inaongezeka. Kwenye huo mnyororo punje nyingi zimelala, ya mbele ikiwa imeota inazizuia zingine zisiamke. Wewe unakuja na jembe unaukata vipande vitano, kila kipande kinajiona huru kinaota, kwa hiyo ulipolima mara moja ukaondoka ukakaa mwezi ulikuwa unaipanda dada yangu, samahani kwa kusema hivyo lakini hata mimi nimeshaipanda hivyo hivyo. Dawa nayo ni hadithi ile ile. Glaifosati, ile dawa ya magugu inayoingia ndani ya mmea, inashuka kupitia jani mpaka kwenye punje iliyobeba hilo jani, ile iliyolala haina jani, dawa itaingilia wapi? Na zile dawa za kuunguza juu ndo kabisa, zinakata nywele tu.

Kwa hiyo kazi yako ni kuzimalizia chakula punje. Kila jani linalochomoza limekula akiba ya chini, ukilikata likiwa bado changa, kabla halijatengeneza punje mpya, umeipiga hasara. Pitia kila wiki mbili, zikizidi sana tatu, bila kuruka, msimu mzima. Ukisafiri kwenda msibani mwezi mzima umerudi mwanzo, mwachie mtu hiyo kazi.

Halafu tumia kiangazi chetu. Mvua za huku zikikatika Mei, zinarudi Novemba, katikati hapo una miezi. Usimwagilie hilo tuta. Mwezi wa tisa au wa kumi jua likiwa kali, pindua udongo kwa jembe la meno lile kama uma, punje nyingi ziko kwenye sentimita 15 za juu, zilete zipigwe jua, pindua tena baada ya siku kadhaa. Unazookota usitupe kwenye mboji wala usimrushie jirani, zianike kwenye bati mpaka zikauke kabisa halafu choma. Mwenye nguruwe hapo kapata vibarua wa bure, izungushie wavu sehemu hiyo uwaachie wachimbe, wanazipenda hizo punje kweli kweli, ila wasizurure nje maana homa ya nguruwe haibishi hodi.

Nailoni nyeusi najua utaniuliza. Mi niliitandika mwaka mmoja nikajiona mjanja, wiki ya pili naenda kuangalia nakuta vijani vimeitoboa vimesimama juu kama misumari! Fedha ile bado inaniuma. Inachoogopa ndago ni kivuli, tena kivuli cha majani hai. Mvua zikianza panda maharage ya kubanana, maboga au viazi vitamu kwenye hilo eneo, karoti na vitunguu zihamishie kwengine kwanza maana majani yao membamba hayafuniki kitu.

Ukiamua kupiga glaifosati basi piga tuta likiwa halina mboga, ndago ikiwa na majani kama matano sita, mabichi yana nguvu, kabla haijatoa ua. Maji yawe masafi, ya mtaroni yenye tope yanaiua nguvu ile dawa kabla haijafika kwenye jani. Vaa gloves na buti, halafu usiguse na jembe wiki mbili ili ishuke. Itakayoota tena ni ile iliyokuwa imelala, unarudia. Hesabu misimu miwili au mitatu, anayekuambia mwezi mmoja anataka kukuuzia kitu.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana nalima viazi mviringo Njombe. Mwaka huu nimevuna viazi vina tundu dogo, vingine ndani kuna kitu kama mwiba mweupe. Ni mdudu gani huyu nimpige dawa?

JIBU: Marahaba kijana. Pasua kimoja uangalie huo mwiba. Kama umekakamaa na umeungana na uzi uliotoka nje ya kiazi, hakuna mdudu hapo, ni ndago hiyo hiyo, ncha yake inapita katikati ya kiazi kama haioni. Mdudu anaacha njia iliyopinda, tupu au yenye uchafu. Soma jibu la dada wa Uyole hapo juu, na msimu ujao usiweke viazi mviringo hapo. Jembe ulilolimia hilo shamba likung'ute udongo wote kabla hujaenda nalo shamba la pili, maana wengi wetu ndago tumeibeba wenyewe.