Uliza Fundi: Bembea ya Viti Viwili

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Karakana yetu hapa Igoma aliianzisha marehemu baba kwa mageti na madirisha, sasa tunaiendesha mimi na wadogo zangu. Shule moja imetuomba bembea ya viti viwili. Je, kuna kampuni ya familia iliyoanzia kwenye mageti kama sisi ikafika kwenye vifaa vya michezo vya watoto? Na bembea isiyotuletea lawama tuitengenezeje?
*Msomaji, Igoma, Mwanza*

JIBU: Mageti hapana, ila chuma ndiyo. Charles Wicksteed wa mji wa Kettering, Uingereza, alikuwa na karakana ya mashine, ikiwemo misumeno ya kukatia vyuma, kabla ya kujenga bustani ya wananchi iliyofunguliwa mwaka 1921. Bembea za kwanza pale ziliwekwa kwa ajili ya sherehe ya watoto wa shule ya Jumapili, zing'olewe baadaye. Watoto walivyozing'ang'ania, zikaachwa. Karakana ikaendelea kuziunda kwa mabomba ya kawaida na kuziuzia bustani nyingine, na biashara ikadumu baada ya yeye kufariki mwaka 1931. Bembea hizo za zamani zilikuwa ndefu kupita mita tatu na nusu, na chini ardhi ngumu. Hilo msiige.

Nafasi za usalama tutakazotaja zinafuata EN 1176, kiwango cha Ulaya cha vifaa vya michezo vya watoto. Mhimili wa juu uwe bomba la inchi 3, urefu mita 3, ukae mita 2.4 kutoka ardhini. Miguu minne ya inchi 2, unene wa chuma milimita 3. Mkipiga bei kumbukeni kwamba mguu mmoja, pamoja na sehemu ya kufukiwa, unakula karibu mita 3.5. Kwa hiyo bomba la mita 6 linatoa mguu mmoja tu, na kipande kinachobaki ni cha miguu ya benchi. Wengi hupigia hesabu miguu miwili kwa bomba, faida ikaishia hapo.

Zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) liwe na kina cha nusu mita, na uso wake uwe sentimita 40 chini ya ardhi ili mtoto asiangukie zege. Kwa Mwanza shida ni mawe. Mkikuta mwamba kabla ya kina hicho, hamisheni bembea. Bomba huanza kuoza pale linapoingia ardhini, hivyo lipakeni lami kuanzia kwenye zege hadi sentimita 10 juu ya ardhi, na ncha za juu zizibwe kwa kuchomelewa, maji yasiingie ndani.

Kosa kubwa tunaloliona ni cheni kuchomelewa moja kwa moja kwenye mhimili. Pete ya juu husagika, na siku ya kuibadilisha hakuna njia ila grenda. Tumieni beringi 6203 zenye mpira pande zote ndani ya kikombe cha chuma, na pini ya milimita 17. Chomeleeni kikombe kwanza, beringi mwisho: umeme wa kuchomelea ukipita kwenye gololi unazitoboa vishimo, na joto linayeyusha grisi. Cheni iwe ya pete fupi zenye unene wa milimita 6, kwa sababu tundu la pete likizidi milimita 8.6 linanasa kidole. Pete ikisagika hadi milimita 4, badilisheni cheni.

Kiti kiwe cha mpira, sentimita 35 kutoka ardhini. Mbao na chuma hupasua vichwa. Kati ya kiti na kiti acheni sentimita 70, na kati ya kiti na mguu sentimita 60. Mkiombwa kiti cha tatu, kataeni, maana wa katikati hufikiwa kwa kupita mbele ya mwenzake anayebembea. Mbele na nyuma paachwe mita 4 kila upande bila ukuta wala mti.

Bomba la zinki lisagwe sentimita 5 kila upande wa mshono kabla ya kuchomelea. Moshi wa zinki huleta homa jioni, na maziwa wanayokunywa mafundi hayauzuii. Kaeni upepo ukiwa ubavuni.

SWALI: Chini ya bembea tuweke mchanga kiasi gani, na tunaweza kuuchota ufukweni?
*Mwalimu, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Sentimita 30: ishirini za kupokea anguko, kumi kwa sababu watoto huufukua chini ya kiti. Chembe ziwe kati ya milimita 0.2 na 2, zilizooshwa. Mchanga wenye udongo hushikana baada ya mvua mbili tatu ukawa mgumu kama sakafu. Ufukweni msichote: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ziwani. Tena mchanga ule huwa na maganda ya konokono yanayokata miguu. Nunueni wa mtoni, upitisheni kwenye chekecheo, na kila Ijumaa mtu aupige reki kurudisha ule uliosogea.