Kupasuliwa kiganja ukiwa macho

Dada wa Tabora, pole. Unauliza kama kweli watakupasua kiganja ukiwa macho, kwa ajili ya ule mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono (carpal tunnel), na utakaa muda gani kabla ya kurudi kwenye cherehani. Mimi ni muuza maandazi hapa Ujiji, nilifanyiwa mkono wa kulia.

Kinachouma ni sindano ya ganzi yenyewe. Inachoma kidogo, halafu kiganja kinakuwa kama cha mtu mwingine. Utasikia kuvutwavutwa tu. Ukisikia ukali, sema, wanaongeza dawa. Mimi ule mpira wa kuzuia damu waliofunga mkononi ulinikera kuliko kisu! Daktari anakata utepe mgumu unaobana mshipa wa fahamu, kama robo saa hivi, na unalala kwako siku hiyo hiyo. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, waambie mapema.

Vidole vichezeshe tangu siku ya kwanza. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Cherehani ipe wiki kadhaa. Mkasi utachelewa zaidi, maana mimi kukanda unga kulinisumbua miezi miwili.

Ila umeshajaribu kufunga kifundo cha mkono usiku kisipinde? Wengine hupona hapo. Nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kunywea, lakini, usingoje.