Muulize Anko: Stesheni isiyo na msimamo

SWALI: Shikamoo Anko. Mdogo wangu anasoma Wollongong, Australia, anasema huko kuna stesheni ya TV inaitwa WIN ila vipindi vyake vingi ni vya Nine, na kuna miaka ilikuwa inarusha vya Ten, yote mitandao mikubwa ya TV ya huko. Hiyo ndo stesheni gani? – Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba. Sio kigeugeu, ni biashara tu. WIN ilianza 1962 hapo hapo Wollongong, na enzi hizo mikoani kwao ulikuwa na ABC ya serikali na stesheni moja ya biashara basi, hutaki unazima, na hiyo moja ilikuwa inaokota vipindi kwa wakubwa wote. Mfanyabiashara Bruce Gordon akaichukua 1979. Halafu kuanzia 1989 serikali ikaunganisha maeneo ya mikoani, stesheni za jirani zikaruhusiwa kurusha kwenye eneo la mwenzao, kwa hiyo watu wakapata stesheni tatu na kila moja ikabidi ishike mkubwa wake, yaani Seven, Nine au Ten. WIN ikashika Nine. Inachukua vipindi vya Sydney, inachomeka matangazo ya maduka ya hapo mjini (fikiria tangazo la duka la bati la Masasi katikati ya tamthilia ya Dar), inagawana mapato na mkubwa.

Mgao ndo uchawi wote, 2016 Nine ikahamia Southern Cross, stesheni nyingine ya mikoani, WIN ikaangukia Ten, 2021 WIN na Nine wakarudiana. Habari za mikoani ndo zimeumia zaidi, 2019 WIN ilifunga vyumba vya habari kwenye miji ya Orange, Dubbo, Albury na kwingineko.