Usianze na zile "kubwa": ushauri kwa anayetaka kumuonyesha mtu muvi za zamani za Hollywood

Kosa langu la kwanza lilikuwa na urefu wa karibu masaa manne. Mdogo wangu alikuja likizo kutoka chuo, mtu wa muvi za ngumi na sisoni za Kikorea, akanikuta naangalia picha isiyo na rangi akaniuliza "bro hivi huwa unaona nini humo?" Na mimi kwa kiherehere changu nikamwambia kaa hapo nikuonyeshe muvi. Nikamuwekea Gone with the Wind ya 1939, kwa sababu ndo inayotajwa kila mahali na nikajua angalau ina rangi, hatalalamika. Muvi ni ndefu mpaka yenyewe imewekewa mapumziko katikati, na ilipofika hayo mapumziko dogo alikuwa keshalala, mdomo wazi, simu kifuani.

Wiki iliyofuata sikujifunza kitu. Nikamletea Citizen Kane ya 1941, ile ambayo wahakiki waliiita namba moja duniani kwa miaka 50. Nikamuelezea kwamba Orson Welles aliitengeneza akiwa na miaka 25 tu, sijui kamera ya Gregg Toland inaonyesha mtu wa mbele na wa nyuma wote wako wazi, nikaongea weee. Dogo akaangalia kwa heshima tu. Ndo nikaelewa: ukubwa wa muvi ile unauona kama umeshaangalia nyingine 20 za wakati ule ukajua wenzake walikuwa wanafanyaje. Mtu asiyejua bao ukamkalisha mbele ya bingwa wa bao ataona kete zinahama tu.

Iliyomteka niliipata kwa bahati. Mwezi wa pili, joto la Dar mnalijua, Luku imekata saa mbili usiku na aliyesahau kununua ni mimi, feni imesimama, laptopu ina betri ya kama saa mbili hivi. Nikapekua fleshi kutafuta muvi fupi tu, nikakuta 12 Angry Men ya 1957, dakika 96. Nikasema hii itaisha kabla ya betri.

Sasa, kabla hujamuwekea mtu hii, mpe sentensi moja tu ya maelezo. Kule Marekani raia wa kawaida 12 wanachukuliwa, wanafungiwa chumbani, na wote lazima wakubaliane kama mshtakiwa ana hatia au hana. Sio kama wazee wa baraza wa kwetu ambao wanatoa maoni na jaji hafungwi nayo. Basi, inatosha, kaa kimya. Kura ya kwanza 11 wanasema kijana ana hatia, mmoja tu, Henry Fonda, anasema tuongee kwanza. Na humo chumbani kuna joto, mashati yameloa, na feni yao nayo haizunguki! Dogo akacheka, "kumbe nao Luku imekata". Kuna jamaa ana tiketi ya mechi anataka wamalize haraka awahi uwanjani, dogo akasema huyu lazima Yanga. Alafu ikafika pale Fonda anatoa kisu mfukoni anakichoma mezani, kinafanana kabisa na kile cha ushahidi kilichosemekana hakuna kingine kama hicho, na dogo aliyekuwa amejilaza akakaa.

Yani muvi karibu yote iko chumba kimoja, watu wanaongea tu, na hakugusa simu. Ilipoisha ndo nikamwambia siri ya kamera: mwongozaji Sidney Lumet, na hiyo ndo ilikuwa muvi yake ya kwanza ya sinema, alianza kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, akaendelea kuishusha taratibu, mpaka mwishoni unaona dari, kwa hiyo chumba kinakubana bila kujua kwa nini. Akarudisha nyuma kuangalia kama ni kweli. Mambo ya ufundi mwambie mtu baada ya muvi, sio kabla.

Toka siku hiyo siulizi tena muvi ipi ni bora, nauliza huyu mtu tayari anapenda nini. Wengi wetu tumekulia kibanda umiza na sheria yetu inajulikana, steringi hafi. Kwa mtu wa hivyo muwekee D.O.A. ya 1950: jamaa anaingia kituo cha polisi kuripoti mauaji, wanamuuliza nani kauawa, anajibu mimi. Amelishwa sumu, ana siku chache, anamtafuta aliyemuua. Dakika 83 hivi na iko bure mtandaoni kihalali kabisa maana hakimiliki yake Marekani haikuhuishwa. Akiipenda, mpe Double Indemnity ya 1944, ambapo steringi anaingia ofisini usiku ana jeraha na anakiri kaua mtu ndani ya dakika za mwanzo, alafu bado unabaki roho juu mpaka mwisho. Sunset Boulevard ya 1950 ndo kiboko, steringi anaelea kwenye bwawa la kuogelea, maiti, na yeye ndo msimuliaji.

Mtu wa umbea (na sisi wa uswahilini nani sio?) mpe Rear Window ya mwongozaji Alfred Hitchcock, 1954. Mpiga picha kavunjika mguu, hana cha kufanya, anachungulia madirisha ya majirani, anaona jirani mmoja mke wake haonekani tena. Ua wote ule na magorofa yake ulijengwa ndani ya studio ya Paramount. Na hapa kuna jambo la lugha ambalo washauri wa Kizungu hawalisemi. Kiingereza cha muvi hizi kinakimbia, kama His Girl Friday ya 1940 watu wanakatishana maneno, kila mmoja anaongea mwenzake hajamaliza, mwanzo mwisho, ni tamu sana lakini sio ya mgeni, hata kama nayo iko bure. Hitchcock anasimulia kwa picha, hata ukikosa nusu ya maneno uko naye. Weka maandishi ya chini, msijifanye.

Kuna faida nyingine mnaoishi na wazazi mtaielewa. Unajua ile hali mko sebuleni na mama mkwe, ghafla watu kwenye TV wanaanza kuvuana nguo, kila mtu anatafuta rimoti? Hollywood kuanzia 1934 mpaka 1968 ilikuwa na kanuni zake za maadili, kwa miaka mingi zilisimamiwa kwa ukali kiasi kwamba hata mke na mume unawakuta kila mmoja na kitanda chake. It Happened One Night ya 1934 ilitoka miezi michache tu kabla ya kanuni kukazwa, lakini Clark Gable na Claudette Colbert wakilala chumba kimoja wanatundika blanketi katikati, na ucheshi wote uko kwenye hilo blanketi. Hiyo tuliangalia na mama mkwe, akacheka mpaka akasema hawa wana adabu. Tahadhari moja: Notorious ya 1946. Busu refu lilikuwa haliruhusiwi, Hitchcock akawafanya Cary Grant na Ingrid Bergman wabusu, waachie, waongee, wabusu tena, dakika mbili na zaidi. Mimi nilienda kuchemsha chai.

Casablanca ya 1942 wengi wanaiuza kama muvi ya mapenzi, na ukimwambia hivyo mtu wa kwetu anajiandaa kulala. Mwambie ni muvi ya viza. Watu wamekwama Morocco mwishoni mwa 1941, Wajerumani wamechukua nusu ya Ulaya, kila mtu anatafuta karatasi afike Marekani, kuna madalali, kuna wa kuhonga, kuna bibi anauza vito vyake kwa bei ya kutupa. Nani kwetu haijui hiyo foleni? Na ile sehemu wateja wa baa wanaimba wimbo wa taifa wa Ufaransa kuwazima maafisa wa Kijerumani, angalia nyuso, kati ya waigizaji wale kuna wakimbizi wa kweli. Hata Conrad Veidt anayecheza mkuu wa Wanazi alikuwa Mjerumani aliyewakimbia Wanazi, mke wake Myahudi.

Usimfiche mgeni na mabaya yake pia. Hattie McDaniel alikuwa mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa hiyo hiyo Gone with the Wind, na usiku wa kupokea 1940 alikalishwa meza ya pembeni mbali na wenzake. Muvi zilizopigwa huku kwetu ndo usiseme, Hatari! ya 1962 ina jina la Kiswahili na ilipigwa Tanganyika, mitaa ya Arusha, faru anaigonga gari kweli kweli maana kompyuta hazikuwepo, ila wenyeji wapo wapo tu nyuma.

Ndo maana nilisita kumuonyesha mjomba wangu The African Queen ya 1951, muvi ya boti na Wajerumani huku kwetu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mjomba ni wa Kigoma, kafanya ufundi wa injini za boti maisha yake yote, na meli ya Kijerumani ya kwenye hadithi ile chimbuko lake ni Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 ndo hii Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika. Nikadhani atakuja kugomba kwamba meli siyo. Wala. Alikaa kimya mpaka pale Humphrey Bogart anaipiga injini teke ifanye kazi kwa sababu kuna bisibisi ilidondokea ndani na hajawahi kuitoa. Mjomba akapiga paja lake, "huyo fundi!" Katharine Hepburn alipoanza kumwaga chupa za jini mtoni moja moja akageuka pembeni, hataki kuona.

Asubuhi namwamkia shikamoo mjomba, badala ya marahaba akaniuliza yule fundi wa boti ana muvi nyingine? Nikamuwekea Casablanca, Bogart kavaa koti jeupe na tai ya kipepeo. Dakika kumi hivi, mjomba akaniuliza boti iko wapi.