"Rudia mara nne" ni mara ngapi?

SWALI: Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya. Siku hizi nachapa nota kwa LilyPond, ile programu ambayo muziki unauandika kwa herufi na namba halafu yenyewe inakutolea karatasi ya nota, na nawaandalia wenzangu mwongozo mfupi wa Kiswahili. Humo kuna herufi q, ukishaandika kodi mara moja unaweka q badala ya kuiandika upya. Niseme q inarudia kodi, inakariri kodi au inarudufu kodi? Na nikitaka kodi ilie mara nne niandike "rudia kodi mara nne"?

JIBU: Sehemu ya kwanza ntaimaliza haraka maana hiyo ya pili ndo nimeisubiri siku nyingi mtu aniulize. (Na kwa wasomaji wengine, kodi hapa ni zile sauti kadhaa zinazolia pamoja kwenye kinanda au gitaa, sio ya mwenye nyumba, tusije tukaanza kulia wote.)

Rudufu iache. Kurudufu ni kutoa nakala, na nakala inakuja na kila kitu kilichokuwepo kwenye karatasi mpaka doa la chai. q haifanyi hivyo. Ukiandika <c e g>4 q q q, q inachukua zile sauti tatu tu, c, e na g (ile 4 ni urefu wa sauti). Kama kodi ya kwanza uliiwekea alama ya nguvu au nukta ya kukatisha sauti, hizo haziji, labda uombe zije kwa amri ya \chordRepeats. Halafu kuna hii ambayo imewatoa watu jasho: ukiwa ndani ya \relative, ambamo kila nota inapimwa kutoka iliyotangulia, ukanakili <c' e g> ukaibandika vilevile mara ya pili, ile kodi ya pili inaruka juu oktavu nzima, kwa sababu kile kialama cha ' (cha kupandisha oktavu) kinahesabiwa upya kutoka kodi iliyotangulia. Yaani umetoa nakala safi kabisa ya maandishi umepata sauti nyingine. Ukiweka q sauti inabaki palepale. Kwa hiyo kinachofanyika ni kurudia sauti, nakala haipo.

Kariri haina ubaya. Imetoka Kiarabu na huko maana yake ni kurudiarudia, na ina uzuri mmoja kwamba q kweli inakumbuka: hata ukiingiza nota moja moja au kimya katikati, ukiandika q inarudi na kodi ya mwisho iliyokuwepo kabla ya hivyo vyote. (Tangu toleo la 2.20 unaweza pia kuandika namba tupu ya urefu, 4 au 8, lakini hiyo inashika kilichotangulia hapohapo, kama ni nota moja utapata nota moja. Watu wanazichanganya hizi mbili kisha wanalaumu programu.) Shida ya kariri ni kwamba shule zetu zimeshaiharibia jina, ukimwambia mtu "kariri" anafikiria mtihani wa kesho. Andika inarudia, mpiga kinanda yeyote ataelewa.

Sasa tuje kwenye "rudia mara nne".

Hii kitu inaniudhi kuliko "masaa" na "marafiki zangu" vikiwekwa pamoja. Rudi, rudia. Huwezi kurudia kitu ambacho hujakifanya. Ile ya kwanza sio kurudia, ile ya kwanza ni kufanya! Hesabu ya kurudia inaanza baada ya hapo. Hebu tumchukue mtoto wa darasa la nne. Kafeli, mwakani karudishwa darasa lilelile. Amerudia darasa mara ngapi? Mara moja. Amekaa darasa la nne miaka mingapi? Miwili. Muulize mama yake, muulize jirani mwenye umbea, muulize mtoto mwenyewe, hakuna atakayekwambia "amerudia mara mbili" kwa sababu amekaa humo miaka miwili. Na akifeli tena akakaa mwaka wa tatu hapo sasa ndo utasikia kwenye kila kikao cha ukoo kwamba "huyu karudia darasa mara mbili", na wote wanahesabu sawasawa bila kikokotoo. Na mwenzake aliyepita vizuri akakaa mwaka mmoja tu, je yeye tuseme karudia darasa la nne mara moja? Jaribu kumwambia baba yake uone. Wakenya mwaka 2017 walipiga kura ya rais Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta, wakapiga nyingine Oktoba, na ile ya Oktoba peke yake ndo iliitwa ya marudio. Zanzibar vilevile, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, marudio yakawa Machi 2016. Kura mbili, marudio moja. Taifa zima linajua kuhesabu ila tukishapewa karatasi ya wimbo akili inatutoka.

Maana karatasi imeandikwa "Kiitikio: rudia mara mbili". Sauti ya kwanza wanaimba mara mbili wanafunga midomo. Besi, ambao kwa kawaida hawasomi kitu ila siku hiyo wameamua kusoma, wanaingia mara ya tatu kwa nguvu zote. Mpiga kinanda anawaangalia besi, mwalimu anamwangalia mpiga kinanda, waumini wanadhani ni mtindo mpya. Na unipeleke popote, kwa sarufi besi ndo wamepatia!

Kwenye LilyPond kosa hili lina mlango wake. Amri ya kurudia inaandikwa \repeat unfold 4 halafu kodi ndani ya mabano, na watu wanaitafsiri neno kwa neno, "rudia mara nne". Lakini ile 4 ni jumla, kodi inalia mara nne basi, na ile ya kwanza ipo ndani yake. Hata \repeat volta 2, yenye zile nukta mbili za kurudi mwanzo, maana yake kipande kinapigwa mara mbili, unarudi mara moja tu. Ukitaka ushahidi wa macho andika \repeat percent 4, utaona muziki umechapwa mara moja na baada yake alama tatu za kurudia. Tatu, sio nne. Na q ni hivyohivyo, <c e g>4 q q q ina kodi moja na q tatu. Anayefuata mwongozo wako ukisema "rudia mara nne" ataweka q nne, mapigo yatakuwa matano, na kwenye wimbo wa mapigo manne pigo moja litamwagikia upande wa pili wa mstari, kutoka hapo kila kitu kimesogea.

Basi andika "kodi ipigwe mara nne" au "kodi moja na q tatu". Ukiona ni ndefu weka x4, hiyo mi sina ugomvi nayo, inasema jumla na haidai kurudia chochote.

Na "rudia tena", nakuona unavyotaka kuiuliza. Kwenye mazoezi, kama mmeshairudia na bado mbaya, mwalimu akisema "rudieni tena" yuko sahihi na ana sababu ya kuwa na hasira. Kwenye mwongozo ifute.