Jibu: Chuck Nelson na tuzo ya Lou Groza

Mkuu, umeuliza kwa nini Chuck Nelson, mpigaji mateke wa Chuo Kikuu cha Washington katika futiboli ya Marekani, alinyimwa tuzo ya Lou Groza (ya mpigaji mateke bora wa vyuo) ilhali mwaka 1982 alifunga mateke 25 kati ya 26 ya kupitisha mpira kati ya milingoti. Hakunyimwa, tuzo yenyewe ilianza 1992. Wapigaji wa zama zake hawakuwa na tuzo yao.

Teke pekee alilokosa lilikuwa la yadi 33, dhidi ya chuo cha Washington State. Yaani mchezo ulianzia yadi 16 kutoka mstari wa goli: ongeza 10 za eneo la mwisho, ambako milingoti iko nyuma yake, na 7 za kurudi nyuma anakokaa mshikaji, anayemshikia mpigaji mpira. Teke la kawaida kabisa, na ndilo lililokata mfululizo wake wa mateke 30 bila kukosa.

Ila ukimlinganisha na Marc Primanti wa chuo cha NC State (20 kwa 20 mwaka 1996, naye tuzo akaipata), angalia vipimo. Milingoti ya Nelson ilikuwa na upana wa futi 23 na inchi 4. Mwaka 1991 ikabanwa hadi futi 18 na inchi 6. Tena enzi zake kijukwaa cha kuinulia mpira kiliruhusiwa, kikaja kupigwa marufuku 1989. Primanti alipiga mpira ukiwa chini, bila kijukwaa. Kwangu, Primanti yuko juu.